Nimezaliwa Likoni, nina pasi ya Marekani: naweza kununua shamba?

Shangazi Wakili, shikamoo. Nilichukua uraia wa Marekani 2006. Kaka amenipatia ekari mbili za kulima Kilifi na fleti ya kupangisha Nyali. Ati mimi sasa ni mgeni?
N., Minneapolis

Marahaba, mwanangu. Kisheria, ndiyo. Aliyechukua uraia wa nje kabla ya Katiba ya 2010 alipoteza ule wa Kenya, hata kama kitovu chake kimezikwa Likoni. Ila Kifungu cha 14 kinakupa haki ya kuurudisha kwa kuomba. Anza hapo, kabla hujatuma hata senti.

Ukinunua ukiwa mgeni, Kifungu cha 65 hakikupi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hati iseme itakavyo. Na hilo shamba la kilimo, bodi ya ardhi hairuhusiwi kuridhia liuzwe kwa mgeni.

Usikubali liandikwe jina la kaka. Mteja mmoja alinimwagia mezani bahasha ya risiti za kutuma pesa, za miaka saba. Hati ilikuwa na jina la shemeji. Risiti zote halali, shamba la shemeji.

Kuhusu kodi ya hiyo kodi (Kiswahili chetu nacho!): uraia si ukaazi. Jirani yako anayeishi Nyali hulipa 7.5% ya pango la nyumba. Wewe usiye mkaazi unakatwa 30% ya pango lote, bila kutoa gharama. Na Marekani pia uwatajie mapato hayo, maana kodi yao humfuata raia wao popote.