Mpishi simtaki: barua kwa mwanangu aliyeko Doha

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Kibokoni, Mombasa, sote tu wazima, nduguyo anakusalimu, na hela ulizotuma zimefika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unauliza hoteli ile ina nini hata babako kila asubuhi akitoka kuswali Alfajiri ashike njia ya kwenda kula mahamri na mbaazi, vitu ambavyo vingepikwa papa hapa nyumbani. Tena unasema uko tayari kulipa mpishi. Mungu akuzidishie. Lakini mpishi simtaki, na sababu yake si ubishi wa uzee kama anavyodai nduguyo.

Kwanza usidhani nafuata utamu. Mbaazi za pale si mbaya, tui lao zito na pilipili wanaitia nzima, lakini za shangazi yako zinazishinda, na mwenyewe anajua. Mahamri nayo kuna siku yanakunywa mafuta hadi vidole vinateleza. Ingekuwa ni chakula tu, ungenishinda kwa hoja.

Nikifika mlangoni, kijana wa kaunta hata haniulizi kitu. Anageukia jikoni, anaita, "Mzee wa bandari!" Sijakaa vizuri mahamri yameshafika, bakuli la mbaazi, na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari. Hiyo sukari walinikatia wao. Nilitaja tu siku moja kwamba kliniki wamenionya, ikawa imepita sheria. Juzi kuna kijana mgeni akaniletea glasi tamu. Mzee tunayekaa naye meza moja akanyoosha mkono, akaivuta kwake, akainywa, na kuniagizia nyingine, huku akiendelea kuwasema wanasiasa bila kupumua. Nyumbani ningepewa mawaidha ya nusu saa.

Baada ya hitma ya mamako, unakumbuka nyumba ilivyokuwa. Kila aingiaye ananishika mkono, anainamisha kichwa, anasema pole kwa sauti ya chini, na mimi sina budi kupoa. Watu wa hoteli walikuja maziko, wakabeba jeneza, wakamaliza haki yao. Niliporudi kwenye kiti changu walikuwa wakigombana juu ya penalti ya usiku uliopita, na mmoja akanigeukia: "Wewe uliiona? Ilikuwa penalti ile?" Sikuwa nimeiona. Nikasema haikuwa penalti hata kidogo, nikatukanwa vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu kunisemesha kama mtu mzima mwenye akili zake. Hapa nyumbani mimi ni mjane wa kiume, ni baba, ni babu, ni mgonjwa wa sukari. Pale mimi ni mzee anayekaa karibu na dirisha na asiyejua mpira.

Na wewe mwenyewe ulikuwa huku mwaka 2020, serikali ilipofunga Mji wa Kale tarehe 6 Mei, asiingie mtu wala asitoke, na hoteli zote zikafungwa. Tulikaa hivyo mwezi mzima. Mbaazi nilikula, kwa sababu shangazi yako alikuwa ndani ya mpaka pamoja nasi, na zilikuwa tamu kama kawaida yake. Bado nilikuwa nikitoka kibarazani saa moja asubuhi, natazama upande wa hoteli, sijui nafanya nini. Mwezi wa Ramadhani wa miaka mingine hauniumizi hivyo. Mchana wanafunga hoteli, lakini Magharibi ikiingia kuna kaimati, viazi karai na bhajia, na ni watu walewale, ila wana njaa zaidi.

Lakini usifikiri ni raha ya bure. Mteja wa kudumu ana adabu zake. Ijumaa watu wanapotoka msikitini hukai kwenye kiti ukichokonoa meno, unanyanyuka. Daftari la deni unalimaliza mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, na siku hizi, M-Pesa ikiwa mfukoni, huna hata kisingizio. Chumvi ikizidi unamwambia mwenye hoteli pembeni, hupazi sauti mbele ya wageni. Wako wanaodhani kuzoeleka ni kupunguziwa bei. Hao hawadumu, na wakihama hatuwaulizi.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini nimelisikia katika sauti yako. Umesema huko unaagizia chakula kwenye programu ya simu, leo hapa kesho pale, na anayekileta hufiki hata kumwona uso. Mwanangu, tafuta kibanda kimoja cha chai ya karak karibu na unapokaa. Kisiwe kizuri sana, kiwe karibu. Nenda saa ileile, ukae upande uleule, uagize kitu kilekile hata kama kimekuchosha. Lugha isikutie hofu. Mimi nilipoanza kazi Kilindini nilikula miaka kwa Mhindi mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabia pesa tu, na siku nilipougua malaria alimtuma kijana wake bandarini kuuliza mbona sionekani.

Hizo hela za mpishi mlipie nduguyo karo ya muhula ujao, nyingine weka akiba ya tikiti. Ukija Desemba nitakuchukua, utalipa wewe. Ila usikae kiti cha pembeni mwa friji. Kina mwenyewe, fundi saa, hafiki mpaka saa mbili, na akikukuta hapo atasimama tu akutazame mpaka chai ikushinde.

Wasalaam,
Babako