Asilimia ya faida haijumlishwi wala haitafutiwi wastani

Ndugu, umesema Power BI, programu ya Microsoft ya kuchambua takwimu, inakupa faida ya 25% kwa maduka yote mawili, na mhasibu wako anapata 12.7%. Mhasibu yuko sahihi.

Angalia takwimu zako mwenyewe. Duka kubwa limeuza milioni 10, faida milioni 1, yaani 10%. Duka dogo limeuza milioni 1, faida laki 4, yaani 40%. Ulikokotoa asilimia kwenye safu mpya, mstari kwa mstari, kisha programu ikachukua wastani wa 10 na 40, kana kwamba maduka hayo yana uzito sawa. Shukuru hukuacha ijumlishe. Ungepeleka 50% kwa bosi!

Futa safu hiyo. Bofya “New measure” (kipimo kipya, yaani fomula inayokokotoa kwenye jumla, si mstari kwa mstari) uandike:

Asilimia ya Faida = DIVIDE(SUM(Mauzo[Faida]), SUM(Mauzo[Mapato]))

Mauzo ni jedwali lako; Faida na Mapato ni safu zake. Hapo inajumlisha kwanza, ndipo inagawanya: 1.4 kwa 11. Ukichuja kwa duka au mwezi, inakokotoa upya yenyewe. DIVIDE, yaani amri ya kugawanya, naipenda kuliko alama ya mkwaju (/) kwa sababu mwezi wenye mapato sifuri unabaki mtupu, hauleti jibu la ajabu kama “Infinity”.