Kabla hujaitoa X11, zunguka na flashi

Natunza distro ndogo, yaani toleo la Linux, iliyojengwa juu ya Debian, ya maabara za kompyuta za shule chache. Tulipobishana kama sesheni ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, iondoke ibaki Wayland, mrithi wake, peke yake, aliyepiga kelele zaidi iondoke ni mimi. Hoja nilikuwa nazo. X11 ni ya mwaka 1987, na programu yoyote iliyo wazi humo inaweza kusoma unachochapa kwenye dirisha jingine, nenosiri likiwemo. Red Hat wameitoa seva ya Xorg, programu inayoendesha X11, katika RHEL 10, Linux yao ya makampuni. Sisi ni nani tuing'ang'anie?

Tukaitoa kwenye toleo la majaribio. Siku ya tatu mwalimu akapiga simu, darasa limeshakaa, projekta inawaka buluu tupu.

"Fundi, mbona jana ilikuwa inaonyesha?"

Mkosaji alikuwa skripti niliyoiandika mwenyewe zamani nikaisahau: mstari mmoja wa xrandr, amri ya X11 ya kupanga skrini, wa kuilazimisha projekta 1024 kwa 768. Ndani ya Wayland, xrandr haina mamlaka juu ya skrini. Ilitoa onyo, lakini kwenye logi, faili la kumbukumbu za mfumo, na logi nani anaisoma?

Basi usiamue kwa kura. Sisi tulipiga kwenye kundi la WhatsApp, na waliojibu karibu wote wana laptop mpya. Anayetumia kompyuta ya mezani ya 2009 hata kwenye kundi hayumo. Chukua flashi yenye toleo la majaribio, nenda mashine kwa mashine, hakikisha `echo $XDG_SESSION_TYPE` inajibu "wayland", halafu fanya kazi ya siku nzima hapo. Washa projekta. Mwambie mwalimu atazame skrini za wanafunzi kama kawaida yake. Sisi tulitegemea x11vnc, programu ya kutazama skrini ya X11 kwa mbali, na jina lenyewe lilipaswa kunishtua. Kama yupo mwanafunzi asiyeona anayetumia Orca, programu inayosoma skrini kwa sauti, mkalishe yeye kwanza, maana likiharibika kwake hana pa kubonyeza.

Jingine: kuacha kuisakinisha si sawa na kuifuta kwenye ghala la vifurushi. Fedora 40, distro nyingine, katika toleo lake lenye eneokazi la KDE, mwaka 2024, haikuja na X11, lakini kwin-x11, sehemu ya KDE inayoendesha madirisha kwa X11, iliruhusiwa ghalani kwa aliyejitolea kuitunza, na timu ya KDE haikubebeshwa mzigo huo. Swali zito ni nani ataziba matundu ya usalama. Sisi tuko wawili, wote na kazi nyingine. Kwa sasa pachi za Xorg zinatoka Debian, kwa hiyo kuibakiza hakutugharimu sana. Siku Debian wakiiacha, nasi tunaiacha siku hiyohiyo. Nimeshawaambia walimu.

Kwa hiyo Wayland ndiyo inayofunguka yenyewe, X11 unaichagua unapoingia. Projekta ya yule mwalimu sasa inapangwa na kscreen-doctor, amri ya KDE ya kupanga skrini, inayofanya kazi pande zote mbili. Nilipompigia kumweleza, alisikiliza kidogo kisha akauliza kama ninao waya wa VGA mrefu zaidi.