Trekta kuukuu kwenye shoo: iwashe, usiipaki tu

Kila nikiweka picha niko juu ya Ferguson ya kijivu, katikati ya uwanja wa nyasi huku England, meseji zinakuja zilezile: aisee hiyo trekta ya babu umeiokota wapi, na wanakulipa bei gani? Hawanilipi. Petroli nanunua mwenyewe, tela langu, Jumapili yangu, na narudi nyumbani nanuka moshi na nimefurahi. Ila kuna ndugu zetu huku Ulaya wameniuliza kwa umakini kabisa, wanataka kuingia klabu za mashine za zamani za shamba na hawajui waanzie wapi, kwa hiyo naandika hapa mara moja nisije nikarudia kwa kila mtu.

Kwa ambao hawajawahi kuona: kuanzia Mei mpaka Septemba hivi karibu kila wilaya ya vijijini huku ina shoo yake. Kuna ng'ombe, kondoo, farasi, mashindano ya keki na jamu, watoto wanakimbizana na aiskrimu, na karibu kila mara kuna kona ya mashine za zamani. Ukifika Nane Nane pale Nzuguni au Themi unaoneshwa trekta mpya na kijana wa kampuni anakupa kipeperushi, huku kona hii ni kinyume, unaoneshwa trekta iliyolima wakati vita ya pili ya dunia ndiyo kwanza imeisha na mwenye nayo hauzi kitu, anataka tu umuulize. Zipo shoo kubwa zenye jina, kama ilivyokuwa Great Dorset Steam Fair iliyoanza 1969 na injini za mvuke ikakua ikawa mji mzima wa mahema, lakini wewe usianzie huko. Anzia shoo ya kijijini ambako anayepokea fomu na anayeuza chai ni mtu mmoja.

Na usianze kwa kununua trekta. Ingia klabu kwanza. Klabu hizi zinakutana jioni za majira ya baridi, mara nyingi chumba cha nyuma cha baa au ukumbi wa kijiji, na ada ya mwaka si pesa ya kukunyima usingizi. Wengi ni wazee wa miaka sabini na kitu, wakulima wastaafu na mafundi, wana trekta nne tano bandani na magoti hayakubali tena kulala chini ya injini. Wewe mwenye mgongo mzima ni mali. Shika spana, shika kikombe cha chai, usikilize, na kabla msimu haujaanza kuna mzee atakwambia chukua hii ukaiendeshe kwenye shoo maana mimi nina ile nyingine. Hivyo ndivyo mtu anaingia. Nimeona vijana wamenunua trekta mtandaoni kwa kupenda picha, bloku ya injini imepasuka kwa barafu tangu mwaka juzi, wakakata tamaa hata kabla ya shoo ya kwanza.

Ukifika wakati wa kununua, ushauri wangu ni Ferguson TE20, najua kuna watu watanipinga. Ilitengenezwa Banner Lane kule Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano zilitoka kiwandani, ndio maana spea zake zinapatikana mpaka leo. Haifiki tani moja na nusu kwa hiyo inaingia kwenye tela la kawaida. Na ina historia ya kumsimulia mtu: ule mfumo wa kunyanyulia jembe kwa haidroliki na mikono mitatu nyuma ambao unauona kwenye kila Massey Ferguson 135 au 290 huko kwetu, mzee Harry Ferguson ndiye aliyeusambaza duniani, na trekta hii ndogo ndiyo iliyoubeba. Kingine ninachokipenda ni stata yake. Hakuna kitufe cha stata, unasukuma gia yenyewe mpaka kwenye herufi S ndio inawaka, maana yake haiwezekani kuiwasha ikiwa kwenye gia ikakurukia. Mwaka 1946 walishafikiria hivyo! Mwoneshe mgeni hiyo tu, umempata.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kosa ambalo naliona kila shoo, na wanaolifanya ni watu wanaojua mashine kuliko mimi, ni kupanga trekta kwenye mstari kama magari ya msibani, kuzima, kukunjua kiti, kukaa nyuma yake na gazeti. Watu wanapita wanaangalia rangi sekunde tano wanaenda kwenye aiskrimu. Halafu mita ishirini mbele kuna jamaa ana kainjini kadogo kanatoa moshi na kanavuta maji kutoka pipa hili kwenda pipa lile, hakuna cha maana, maji yanazunguka tu, na amezungukwa na watu mpaka wasimamizi wanakuja kupanua njia. Mashine ya shamba iliumbwa kufanya kazi, ikifanya kazi mtu anasimama, ikizimwa ni chuma.

Ndio maana mimi pamoja na trekta napeleka Lister D. Hii ni injini ndogo ya petroli, nguvu ya farasi moja na nusu, ya kampuni ya Lister ya Dursley, Gloucestershire. Jina Lister wengi mnalijua, hata mashine ya kusaga ya mtaani kwetu ilikuwa Lister, ila ile ya dizeli yenye bomba refu unayoisikia kabla hujaiona. Hii D ni mdogo wake. Nimeifunga mkanda kwenda kwenye kinu cha zamani cha kuparaza nafaka ya mifugo, na pembeni naweka mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi na gunia la magunzi yenye mahindi makavu. Mtoto anaingiza gunzi moja juu, anazungusha hendeli, punje zinamwagika upande huu na gunzi tupu linatokea upande ule, anaangalia mama yake kama aliyefanya muujiza, anaomba lingine. Punje zile tunazipeleka kwenye kinu, Lister inabadilika sauti kidogo mzigo unapoingia, inakohoa inakaza, na hapo ndipo wakubwa wananyamaza kusikiliza. Harufu ya mahindi yanayosagwa pale katikati ya Waingereza, we acha tu, mimi mwenyewe huwa najisahau. Unga haufai kwa ugali kwa sababu kinu ni cha mifugo, msiniulize tena.

Lakini ukishaamua kuwasha, usalama unakuwa kazi yako na sio ya mwingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Hendeli ya kuwashia: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie kabisa, na vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ya magneto (inayojitengenezea cheche yenyewe bila betri) ikiwaka mapema kabla ya wakati wake inapiga kinyume, hendeli inarudi na nguvu yote, na dole gumba lililokumbatia linavunjika. Kila klabu ina mzee mwenye kidole kilichopinda, muulize kilipindaje. Mkanda unaozunguka na ile flaiwili (gurudumu zito la injini) vizungushie kamba au uzio, viwe mbali kiasi kwamba mtoto akinyoosha mkono hafiki, na injini inayowaka usiiache peke yake hata dakika moja, ukienda chooni zima au mwachie mwenzako wa klabu. Mtungi wa kuzima moto uwe karibu na uwe haujapitwa na tarehe, wanakagua. Sinia la bati chini ya injini likinge oili, mwenye uwanja ana ng'ombe watakaokula nyasi hizo wiki ijayo. Maji kwenye lile tangi la wazi la Lister yakichemka mvuke unapanda na kuna mtu lazima atapiga kelele inaungua, mwambie ndivyo ilivyo, lakini na wewe uwe unaongeza maji maana yanaisha kweli.

Watoto kupanda trekta: sheria ya huku mtoto wa chini ya miaka 13 haruhusiwi kupanda trekta ikiwa kwenye kazi ya shamba, na klabu nyingi zinafuata mstari huohuo uwanjani kwenye gwaride. Ikiwa imezimwa na umeshika breki, kumkalisha apigwe picha ni sawa kama waandaaji wameruhusu, uliza kwanza. Na bima. Waandaaji watataka uthibitisho wa bima ya kumlipa mtu wa nje akiumia, klabu nyingi inaingia humohumo kwenye ada, ni sababu nyingine ya kutokwenda peke yako.

Kuhusu kuwa Mwafrika pale. Ndio, mara nyingi niko peke yangu, na ndio, watu wananiangalia mara mbili. Mimi nimeamua hiyo ni faida. Mtu anakuja na udadisi wake, anauliza unatoka wapi, namwambia Tanzania, na kama ni mtu mzima wa makamo fulani anakumbuka Kongwa. Wallahi, wanaikumbuka kuliko vijana wetu. Ule mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanza 1947 kwa mbwembwe na kuufunga 1951 baada ya kuzamisha mamilioni ya pauni, pale Kongwa mashine zikaota kutu na karanga zikaonekana chache. Walileta hadi vifaru vya Sherman vya vita vilivyogeuzwa kuwa trekta na kampuni ya Vickers, wakaviita Shervick, vikang'oe vichaka vya Ugogo. Vichaka vikavishinda. Kuna bwana mmoja alinisimulia mjomba wake alivyokuwa fundi kule, analalamika kuhusu udongo wa Kongwa ukikauka unavyokuwa mgumu, na mimi nimeukanyaga udongo huo, tuliongea mpaka Lister ikaishiwa petroli. Kwa hiyo andaa habari yako. Kibao chako cha maelezo kiwe na mistari michache: mwaka, mfano, ilikuwa inafanya nini, na kitu kimoja ambacho mtu hatakipata kwenye trekta ya jirani. Usiandike kipenyo cha pistoni, anayetaka kipenyo cha pistoni atakuuliza na hataondoka.

Maelezo hayohayo mpe mtangazaji wa uwanja mkuu. Klabu ikiitwa kuzunguka ulingoni, mtangazaji anasoma alichopewa, asipopewa anasema tu hii ni trekta ya kijivu nyingine. Mwandikie kwa herufi kubwa asome kwenye jua. Na ukipangwa baada ya mtu wa trekta ya Field Marshall usiumie, hakuna anayeshindana na ile: silinda moja tu ya lita sita, na wengine wanaiwasha kwa risasi maalum kama ya gobole, inagongwa kwa nyundo, PAA, moshi, watu wote makofi.

Rangi. Hapa klabu zinagawanyika hadi watu wanakaa meza tofauti. Kuna wanaovua trekta mpaka skrubu ya mwisho na kuipaka ing'ae kuliko ilivyotoka kiwandani, na kuna wanaoiacha na kutu yake na alama ya kiatu cha mkulima kwenye pedali. Mimi niko upande wa kutu. Rangi mpya unaweza kupaka mwaka wowote, ile ya zamani ukishaikwangua haitarudi. Rekebisha breki, usukani, tairi, umeme, hayo hayana mjadala, bodi iache ilivyo.

Mengine nitapita harakaharaka. Leseni ya kuvuta tela imerahisishwa tangu Desemba 2021, mwenye leseni ya gari ya kawaida ya Uingereza anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500, ila angalia gari lako lenyewe linaruhusiwa kuvuta ngapi, hiyo ndiyo inawakamata watu. Petroli ya kawaida tangu Septemba 2021 ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10, na ile ethanoli inavuta unyevu na kula mipira ya kabureta za zamani, nunua ile ya bei juu ya E5 na usiiache kwenye kabureta miezi. Ukipata TED20, aina ya TE20 ile unayoiwasha kwa petroli halafu ikipata moto unahamisha koki kwenda mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, jua kwamba mafuta yenyewe yaliacha kuuzwa 1974, wenye nazo wanachanganya wao, uliza klabuni na usibuni. Fika mapema, kwa kawaida magari hayaruhusiwi kutembea uwanjani kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa kumi na moja jioni, ukichelewa unabaki getini unaangalia kwa macho. Mabuti ya mvua beba hata kama Julai, huku Julai haina adabu.

Msimu ukiisha fungua koki za maji, ya bloku na ya rejeta zote mbili, sio moja, au weka dawa ya kuzuia barafu ya kutosha. Maji yakiganda yanapanuka na kupasua chuma, na bloku ndiyo spea pekee ya Ferguson ambayo itakutoa jasho. Betri itoe uiweke ndani. Halafu fomu za shoo za mwaka unaofuata zijaze mapema wakati bado mnakunywa chai ya baridi pale klabuni, maana nafasi za wenye injini zinazowaka ni chache kuliko za wanaopaki, kwa sababu ya uzio, na shoo nzuri zinajaa kabla maua hayajachanua. Kwenye fomu kuna sehemu wanauliza kama mashine itakuwa inafanya kazi. Andika ndiyo, na ueleze kazi gani.