Mwamvuli ulinipa sekunde za kukimbia

Masika ya mwaka juzi nilishuka kwenye daladala saa moja na nusu usiku, umeme umekatika mtaa mzima. Kichochoroni kijana mmoja akanijia kwa mbele, akaudaka mkoba wangu begani. Mkononi nilikuwa na mwamvuli mrefu, wa mpini wa mbao. Sikuuzungusha, kushoto ukuta, kulia ukuta. Niliushika mkono mmoja kwenye mpini, mwingine katikati, nikausukuma kwa nguvu. Ncha ikamkita chini ya mbavu. Akajikunja, akaachia. Nikatoka mbio mpaka dukani kwa Mangi penye taa ya sola, ndala moja nimeiacha kwenye tope.

Dada zangu, kitu kitakachokuokoa ni kile ambacho tayari kiko mkononi. Pilipili ya unga iliyo chini ya mkoba haikusaidii, na upepo ukigeuka inakurudia machoni. Funguo nazo, wengi tumefundishana kuzipachika katikati ya vidole. Nilijaribu kwa kupiga godoro: zilipinda zikaniumiza mwenyewe. Bora ushike ufunguo mmoja mrefu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kama unafungua kitasa. Tochi ndogo pia ni nzuri, ukimmulika machoni ghafla gizani. Usitumie ya simu, maana simu ndiyo anayoitafuta.

Lakini wa bodaboda akikwapua mkoba, mwachie. Ukiung'ang'ania utaburuzwa kwenye lami.

Na kelele? Piga, tena kwa sauti yote, ila mimi huita "Nisaidieni!" Neno "mwizi" mitaani kwetu linaleta mawe na matairi, na sitaki roho ya mtoto wa mtu kwa ajili ya mkoba. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kadiri. Akishakimbia, kumfuata na kumpiga si kujitetea tena. Piga 112, wape polisi maelezo.

Siku hizi kila Jumamosi asubuhi tunafanya mazoezi uani na binti yangu. Mimi navuta begi lake la shule, yeye anasukuma mwamvuli kwenye godoro lililoegemezwa ukutani, kisha anakimbia mpaka getini bila kugeuka nyuma.