Usiwaandikie wachezaji mwisho wa hadithi

Futa hizo sura zote, mkuu. Unasema kampeni yako ya kwanza, yaani hadithi ndefu ya mchezo wa mezani ambapo wewe unasimulia na kila mchezaji anaigiza mhusika wake kwa dadu, ina sura kumi, mfalme anasalitiwa sura ya sita, halafu unauliza wachezaji wangapi wanatosha na uwabane vipi wasitoke nje ya hadithi. Usiwabane kabisa. Nimesoma nikaumia, maana hicho ndicho kilichoua kundi letu hapa Mbeya.

Tulikuwa tunakutana Soweto, Jumapili jioni. Kampeni niliiweka kwenye milima yetu hii: hazina iko Ziwa Ngosi, njia inapita Daraja la Mungu pale mto Kiwira, na darajani lazima wakamatwe, kwa sababu sura iliyofuata ilianzia gerezani. Wakafika. Dada mmoja, mhusika wake mfanyabiashara wa kahawa, akasema hatupigani, tunawahonga walinzi. Akarusha dadu ya pande 20, ikasimama kwenye 20. Meza nzima ikashangilia. Mimi nikasema walinzi wamekataa. Wakasema basi tunashuka mtoni. Nikasema mto umefurika. Wakasema tunarudi Tukuyu. Nikaleta kikosi kingine nyuma yao. Yule dada akaokota dadu zake mojamoja, akazirudisha kwenye kifuko, akasema, "Kaka, wewe tuambie tu unataka tufanye nini, tutafanya." Jumapili iliyofuata walikuja wawili. Baada ya hapo hakuja mtu.

Aliyenipoteza ni jamaa wa kundi la WhatsApp aliyejiita mkongwe. Alinifundisha: wape njia mbili, zote ziishie unapotaka wewe, hawatajua. Hawatajua! Mtu mzima ametumia jioni nzima kupanga mpango, unadhani haoni kila anakopita pamezibwa? Na ushauri huo bado anawagawia wageni mpaka leo.

Michezo hii yenyewe ilizaliwa wachezaji walipotoka nje ya mpango. Mwaka 1969 kule Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo wa vita kwenye mji wa kubuni, Braunstein. Wachezaji wakaanza kuzunguka na kufanya yao, yeye akaona umeharibika, wao wakataka mwingine. Dave Arneson alikuwa kwenye kundi lile, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa.

Shika hili moja: andaa watu na wanachokitaka, matokeo waachie wachezaji na dadu. Walinzi wangu wangekuwa na njaa na mkuu wao mkali, ile hongo ingepita, kisha mmoja wao angewachongea usiku. Hiyo ni hadithi tayari, na wangeipenda kwa sababu wameianzisha wao. Kama huko tayari kukubali jibu, usimwambie mtu arushe dadu. Ukimwambia, taja kwanza namba anayotakiwa kufikisha. Kwenye toleo la tano la Dungeons & Dragons jambo la wastani ni 15, gumu ni 20. Ikifika, imefika.

Kuelekeza kupo, ila kunafanyika wazi kabla ya kuanza: waambie kampeni ni ya kusaka hazina, kila mmoja atengeneze mhusika mwenye sababu ya kuitaka. Wakikubali, hutahitaji kuwasukuma.

Huyo mfalme wako, andika nani anataka afe, kwa nini, na atafanya nini asipozuiwa. Wachezaji wakimwokoa, ameokoka.