Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuwa Fundi wa Bunduki

Mwanangu Baraka,

Salamu nyingi kutoka hapa Buruburu. Ujumbe wako niliusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako, naye akacheka kidogo kabla ya kunyamaza. Umeniuliza kama ni wazimu mtu wa miaka 43, aliyeshughulika na hesabu za watu kwa miaka 18, kuacha kazi na kwenda Colorado, Marekani, kusomea ufundi wa bunduki. Ungeweza kupanda matatu ukaja tukazungumza, ila mimi hufikiri vizuri zaidi nikishika kalamu.

Umri haunitishi. Nilipoanza kazi ya kukereza vyuma, mwezi wa kwanza wote nilipewa jiriwa, tupa na kipande cha chuma, nikaambiwa nikisawazishe pande zote mpaka kiwe mraba kamili. Kila nilipodhani nimemaliza, msimamizi aliweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu yake, akakielekeza dirishani, akanionyesha uzi wa mwanga unaopenya, kisha akanirudishia bila neno. Sisi vijana tulikasirika na kuzidi kukwangua, tukaharibu zaidi. Aliyetushinda sote alikuwa mtu mzima aliyetoka kwenye ukulima akiwa na miaka arobaini, ambaye alipiga tupa mara chache, akapima, akapiga tena. Wewe uliyezoea kutafuta shilingi kumi iliyopotea katika kurasa mia mbili za hesabu, nadhani subira hiyo unayo tayari.

Utaihitaji, kwa sababu bunduki haisamehi kama pampu ya maji. Nafasi iliyopo kati ya bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na kitako cha risasi iliyokaa ndani ya mtutu hupimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi, na unywele wa kichwa chako una upana wa takriban sehemu tatu za namna hiyo. Nafasi hiyo ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Kwa hiyo fundi mzuri ni yule awezaye kumwambia mteja mwenye fedha mkononi kwamba silaha yake haitengenezeki, akakosa malipo na akalala usingizi.

Shida yangu ni mahali utakapofanyia kazi hiyo. Kwa Sheria ya Silaha za Moto ya hapa Kenya, Sura ya 114, anayetengeneza silaha za watu kwa biashara lazima awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha, na asiyesajiliwa anatenda jinai hata kama amebadilisha springi moja tu. Huwezi kufungua kibanda Kariobangi ukaning'iniza kibao. Tena wateja ni wachache. Zamani wawindaji walipita Nairobi na bunduki zao kubwa, na mafundi wakapata riziki, lakini uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, nawe hukuwa umezaliwa. Walinzi wetu wa malangoni wengi hubeba rungu, na jeshi na polisi wana mafundi wao wenyewe. Wanaobaki ni wanamichezo wa kulenga shabaha na raia wenye leseni, ambao kwa hesabu zako mwenyewe utaniambia kama wanatosha kulisha nyumba.

Kuhusu Colorado, ni kweli kwamba chuo cha mji wa Trinidad kimefundisha ufundi huu tangu 1947, nami sina neno juu ya sifa yake. Lakini umewauliza kuhusu viza? Sheria ya Marekani humkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au kushika bunduki, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya huko. Pata jibu la maandishi kabla hujalipa hata senti.

Kwa maoni yangu, usijiuzulu mwaka huu. Tafuta fundi wa kukereza atakayekupokea Jumamosi, umlipe kama unavyolipa karo, ujifunze tupa, mashine ya kukereza na kuchomelea, kwa kuwa mikono hiyo ndiyo nusu ya ufundi wa bunduki na haihitaji kibali cha mtu yeyote. Wakati huohuo mwendee mfanyabiashara aliyesajiliwa umuulize kama angemchukua mwanafunzi chini ya leseni yake. Baada ya mwaka, ukiwa bado unaitamani, mimi mwenyewe nitachangia nauli.

Jiriwa yangu ya zamani ingali imefungwa kwenye meza ya stoo, na tupa tatu bado zina meno. Uje uzichukue. Jambo moja limenishangaza: katika kurasa zako nne hukumtaja mkeo hata mara moja. Je, anajua? Nijibu hilo kwanza, kabla ya mengine yote.

Ni mimi,
Baba yako